Siku Kiboko Alipoketi Mkeka wa Wazee

Hapo zamani za kale, Kiboko alipokuwa bado anashinda nchi kavu na koti mgongoni, palikuwa na shule iitwayo Kichuguuni. Tulieni niwasimulie. Wewe uliyeegemea mlango, ama ingia ama toka, hadithi hii haipendi upepo.

Shuleni hapo alikuwapo mwalimu mdogo kuliko walimu wote, Mwalimu Kindi wa darasa la kwanza. Kindi hakujua kukaa. Mara yuko juu ya dawati, mara dirishani, mara amening'inia kwenye ubao, mkia wake pyu! pyu! huku na huku. Watoto walishamzoea. Mkia wa mwalimu ukicheza, mambo ni ya kawaida. Ukisimama ghafla, tik! ujue mwalimu ameogopa, au amepata wazo.

Na tangu mahindi ya vuli yaanze kukauka shambani, Kindi alikuwa hana raha. Hali vizuri, halali vizuri, hata chaki alikuwa anaitafuna. Kilichomsumbua ni Bibi Nungunungu.

Bibi Nungunungu ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga wa kulala kiganjani. Sasa alikuwa mzee hasa. Miba yake, ambayo zamani ililia chaka-chaka-chaka akipita njiani, ilikuwa imepukutika ikabaki saba tu. Jembe hakuliweza tena. Alichoweza ni kusuka vikapu na mikeka, na ile miba iliyodondoka ndiyo iliyokuwa sindano zake.

Sasa sikilizeni desturi ya Kichuguuni, maana usipoijua hii hutaelewa mbele.

Wanafunzi walilima shamba la shule. Siku ya Sikukuu ya Mavuno wazee waliketi kwenye mkeka mmoja mrefu, kila mmoja na kikapu chake mbele yake. Watoto wa darasa la kwanza, wadogo kuliko wote, ndio waliowajazia. Kila mtoto alikuja na kata yake ya kifuu, akamimina, akarudi nyuma ya mstari, akaja tena, mpaka mzee mwenyewe aseme, "Basi, wanangu." Asiposema basi, watoto hawaachi kumimina, na yeye hainuki mkekani. Chakula hicho ndicho alichokula masika yote, mvua ikiwa imemfungia ndani.

Tena pale hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba amezeeka. Huo ulikuwa ni utovu wa adabu. Mtu alijisikia mwenyewe. Siku ya sikukuu akaja, akaketi mkekani, akakabidhi chombo cha kazi yake. Vyombo hivyo vilitundikwa kwenye kibaraza cha shule, vimefungwa kwa ukili: jembe la Bibi Nungunungu, mchi wa Bibi Kanga, mtego wa samaki wa Mzee Korongo. Aliyekabidhi chake hakuishika kazi ile tena. Alipumzishwa.

Desturi nzuri, eti? Ngojeni kwanza.

Mwaka uliotangulia, Kiboko alipata uenyekiti wa kamati ya shule. Akauvaa ufunguo wa ghala shingoni, hauvui hata akioga. Rafiki yake alikuwa Nyati, mwalimu mkuu, mwenye filimbi ya kutisha watoto, pruuu! Sikukuu ya mwaka ule wawili hao walikaa meza kuu, chini ya turubai, wakiwapa wazee mgongo na kula maboga ya kuchemsha mpaka pua zikatoa jasho. Hata kutazama mkekani hawakutazama. Walipomaliza kula walitangaza kwamba mavuno yamekuwa haba, kila mzee akapata kata tatu na "asanteni kwa kuja".

Masika hayajafika katikati, mtungi wa Bibi Nungunungu ukawa mtupu. Bibi akapika majani ya mwituni, akamwambia Kindi, "Mimi nimeshiba, mwanangu, kula wewe." Mshahara wa mwalimu wa darasa la kwanza ulikuwa kikapu kimoja cha mbegu kwa mwezi, nacho hakikutosha wawili. Ndipo miba ilipopukutika. Masika mengine kama yale, Bibi asingeyaona yakiisha. Kindi alilijua hilo.

Siku tatu kabla ya sikukuu, asubuhi, Kindi alikuwa juu ya paa la ghala akiziba tundu. Akasikia sauti chini.

"Mwenzangu," alisema Nyati, "mwaka huu limejaa pomoni! Mahindi, kunde, mbaazi. Mlango wenyewe unafungwa kwa kusukuma na kitako."

"Wazee tuwape kata tatu tatu, kama mwaka jana," akajibu Kiboko. Tumbo lake likasema ngurrrr.

"Wazazi watapiga kelele. Watoto wao wamelima, wameona kilichoingia humu."

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi!" Kiboko akakanyaga chini, ghala likatikisika. "Nataka kula, lakini sitaki maneno. Tutafute njia ya kula bila maneno."

Mkia wa Kindi ukasimama. Tik!

Akateremka upande wa nyuma, pwata, akazunguka mbio, akatokea mbele kama mtu anayetoka nyumbani kwake.

"Hodi hodi! Shikamoo Mheshimiwa Mwenyekiti! Shikamoo Mwalimu Mkuu!"

"Marahaba," alisema Kiboko. "Simama mahali pamoja, wewe! Unanitia kizunguzungu. Unataka nini?"

"Nimekuja kwa habari ya ratiba, mheshimiwa. Mimi si ndiye mshereheshaji? Sasa naona tabu. Wazee wetu wa mwaka huu ni wachache, vikapu vyao vidogo. Watasema basi mapema, na ghala litabaki nusu. Na wazazi nao wameanza, eti kitakachobaki wagawiwe wao."

"Wagawiwe wao?" Kiboko aliruka. "Nani kasema?"

"Nimesikia tu, mheshimiwa. Mimi mdogo, nani ataniambia mambo makubwa?" Kindi akapanda kwenye nguzo, akashuka, akapanda tena. "Laiti tungekuwa na mzee mmoja mwenye tumbo la haja! Akaketi na kikapu kikubwa. Watoto wakamimina, wakamimina, na yeye kimya, hasemi basi. Ghala zima lingehamia kikapuni kwake mchana kweupe, na wazazi wenyewe wakipiga vigelegele. Nani angenung'unika? Ndiyo desturi yetu!"

Kiboko akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Kiboko.

"Na mzee huyo," alisema Kiboko polepole, "uzee wake unapimwa vipi?"

"Haupimwi. Akijisikia mzee, ni mzee."

"Kohoo!" Kiboko akakohoa. "Unajua, Mwalimu Kindi, siku hizi mgongo wangu si mgongo tena."

"Na mimi goti," alisema Nyati haraka. "Goti linaniua. Tangu... tangu muda kidogo uliopita."

"Poleni sana, wazee wangu! Na mlivyo wavumilivu, hamkutuambia! Basi nimwambie Bibi Nungunungu awasukie vikapu?"

"Mwambie. Vikubwa."

"Vikubwa kiasi gani, mheshimiwa?"

Kiboko akatanua mikono. Akaona haitoshi. Akafungua mdomo, aaaaaah! mpaka Kindi akaona kaakaa la juu.

"Kama hivi," alisema Kiboko.

Nyumbani, Bibi Nungunungu alisuka siku mbili bila kupumzika. Kikapu cha kwanza kilipotimia, aliingia ndani yake kukaza kitako, akapotelea humo.

"Kindi!" aliita kutoka ndani. "Hiki kikapu ni cha nani?"

"Cha mzee mpya, Bibi."

"Mzee gani ana tumbo la namna hii?"

Kindi akamweleza. Bibi akatokeza kichwa juu ya ukingo wa kikapu, hakucheka.

"Mwanangu, umewaambia wasiseme basi. Na wasiposema je?"

"Watasema. Wanaotangulia kujaziwa ni wakongwe. Wazee wapya wanakaa mwisho, wakingoja. Mkeka uko uwanjani, Bibi, hauna kivuli. Kiboko hastahimili jua! Nimemwangalia. Akikaa kidogo tu bila maji, ngozi inaanza kumvuta kama ngoma iliyowambwa."

"Na likitanda wingu?"

Kindi akachungulia nje. Mkia ulikuwa umesimama.

"Nakuuliza, mwanangu. Masika yapo mlangoni. Likitanda wingu, Kiboko atakaa pale akiona raha, na watoto watamaliza ghala lote kummiminia yeye. Sisi tulio mbele yake tukishasema basi, hakuna wa kutuongezea."

"Msiseme basi mapema, Bibi! Waambie wenzako. Mwaka huu vikapu vijae mpaka juu."

"Tutaonekana walafi."

"Heri muonekane walafi!" Kindi alipaza sauti, kisha akaona aibu, maana hakuzoea kumpazia Bibi sauti. Akakaa chini kwa mara ya kwanza siku ile. "Nisamehe, Bibi. Naogopa. Sitaki kukuona tena ukichemsha majani na kusema umeshiba."

Bibi Nungunungu akamshika mkia, akautuliza mkononi mwake kama alivyofanya zamani. "Haya," alisema. "Nitakuwa mlafi siku moja."

Siku ya sikukuu ikafika. Jua lilichomoza kali, na Kindi akashukuru. Halafu akaona kule milimani kiwingu kimoja, cheusi, kidogo. Akaacha kushukuru.

Uwanja ulijaa. Ngoma, du-du-du! Vigelegele, ayi-yi-yi-yi! Akina mama Swala na masufuria yao, akina baba Ngiri na nguo zilizopigwa pasi. Mkeka ukatandikwa, wazee tisa wakaja wakaketi, Bibi Nungunungu kichwani maana ndiye mkongwe wao.

Mara, kohoo! kohoo! Umati ukageuka.

Kiboko alikuwa anakuja, blanketi begani, ameegemea gogo zima la mti kama mkongojo. Nyuma yake Nyati akichechemea. Alichechemea mguu wa kushoto mpaka kwenye ngoma, akapumzika, kisha akaendelea kuchechemea wa kulia.

"Mguu gani unakuuma, baba?" aliuliza Bibi Nungunungu.

"Inapokezana, Bibi," alijibu Nyati.

Watu wakashika midomo. Kindi akarukia juu ya meza kuu, ambayo leo haikuwa na mtu.

"Ndugu wananchi! Leo ni siku kubwa! Mwenyekiti wetu na mwalimu mkuu wetu wanataka kuketi mkeka wa wazee! Mheshimiwa, sema mwenyewe, maana sisi hatuna adabu mbaya ya kukusemea. Umezeeka?"

"Nimezeeka!" alinguruma Kiboko, sauti ikasikika hadi bondeni. Akakumbuka, akaongeza kwa sauti nyembamba, "Nimezeeka sana, wanangu. Kohoo."

"Na wewe, mwalimu mkuu?"

"Mimi ndiyo nimekwisha kabisa!"

"Karibuni mkekani!"

Wakaketi mwisho wa mstari, puuu! vumbi likatimka. Vile vikapu viwili vikawekwa mbele yao, na Kiboko akakipapasa chake kwa mapenzi.

"Sasa, wazee wangu," alisema Kindi, "mtukabidhi vyombo vyenu vya kazi."

"Vyombo gani?" aliuliza Kiboko.

"Vile," alisema Kindi, akaonyesha kibarazani. "Aliyekuwa na jembe alikabidhi jembe. Aliyekuwa na mchi, mchi. Wewe una ufunguo. Mwalimu mkuu ana filimbi."

Kiboko akatazama kibarazani. Kila siku alipita pale. Siku zote alidhani ni mapambo.

"Ufunguo huu?" Akaushika kifuani. "Ufunguo si jembe!"

"Ni kazi, mheshimiwa. Na mzee wetu hafanyi kazi. Lakini kama bado hujazeeka hakuna ubaya. Ondoka tu mkekani, kikapu tutampa mwingine."

Umati wote ulikuwa unatazama. Kiboko akatazama ufunguo. Akatazama kikapu, kile kikapu kikubwa kama kibanda. Akawaza, kesho nitaomba wanirudishie, nani atanikatalia mimi? Akauvua. Nyati naye akaivua filimbi, akaipuliza mara ya mwisho, pruu, kidogo tu.

Kindi akaupokea ufunguo kwa mikono miwili. Akafungua ghala, kwaaa! Watu wakaona mahindi yamejaa mpaka darini, wakasema "Lo!" wote kwa pamoja, maana mwaka jana waliambiwa mavuno haba. Kisha akaupeleka kwa Bibi Nungunungu, msukaji wa ukili, ili aufunge wa kutundikwa. Bibi akaupitisha ukili mara mbili, akaufunga, na kwa kuwa kibaraza kilikuwa mbali na yeye yuko mkekani, akaufunga kwenye mwiba wake mmoja wa mgongoni. Ufunguo ukaning'inia hapo, ukimeta.

"Darasa la kwanza!" aliita Kindi.

Wakaja. Watoto wa panya, vifaranga vya kanga, kisungura kimoja chenye mafua. Kila mmoja na kata yake.

"Leo hakuna mbio," Kindi aliwaambia. "Isimwagike hata punje. Taratibu, na kila mzee aamkiwe."

"Shikamoo Bibi." Chwaa. "Shikamoo Bibi." Chwaa. Kata baada ya kata. Kikapu cha Bibi Nungunungu kilifika nusu, Bibi akafungua mdomo kwa mazoea. Kindi akamkazia macho. Bibi akaufunga. Kikajaa mpaka juu, kunde zikafanya kichuguu, ndipo aliposema, "Basi, wanangu," na akajifuta jicho.

Wakaenda kwa Bibi Kanga, kisha Mzee Korongo, kisha wengine. Jua likapanda, likawa linapiga kama nyundo. Kiboko alianza kujikuna. Kisha akawa anajipepea kwa sikio. Ngozi ya mgongoni ikaanza kukakamaa, kra, kra.

"Bado tu?" alinong'ona kwa Nyati.

"Wamebaki wawili. Vumilia. Fikiria mahindi."

Mzee wa tisa aliposema basi, Kiboko alikuwa mwekundu, na kata ya kwanza ilikuwa ndiyo kwanza inaingia kikapuni kwake. "Shikamoo mzee." Chwaa. Punje zikapotelea kitakoni kana kwamba hazikuingia.

"Mimineni kwa nguvu!" alisema Kiboko. "Leteni gunia!"

"Desturi ni kata, mzee," kilijibu kifaranga. "Shikamoo mzee." Chwaa.

Kindi alikuwa kwenye tawi, kwenye meza, kwenye ngoma, hakai. Sema basi, alikuwa anaomba moyoni. Sema, sema, sema! Kiboko alikuwa amefungua mdomo kabisa, ulimi umening'inia. Ilikuwa bado kidogo.

Ghafla uwanja ukapoa.

Kindi akatazama juu. Lile wingu la milimani limefika. Limekua, limenenepa, limelala juu ya jua kama kifuniko cha sufuria. Upepo wa baridi ukapita mkekani, fuuuu.

"Aaaah," alisema Kiboko. Akafumba macho, akanyoosha miguu. "Sasa ndiyo raha. Leteni, wanangu. Leteni tu. Nina siku nzima."

"Nina wiki nzima!" alisema Nyati.

Na watoto wakaendelea kumimina. Mahindi yakaanza kuonekana kikapuni. Wazazi nao wakaanza kuguna, maana ghala lilianza kupungua, na darasa la pili mpaka la saba walikuwa bado hawajala. Bibi Nungunungu akageuza shingo taratibu, akamtafuta Kindi kwa macho.

Mkia wa Kindi ulikuwa umesimama, tik, na safari hii ulikuwa ni woga mtupu. Upepo ukavuma tena. Mzee Korongo akatetemeka, na bila kuambiwa, watoto wake wawili wakainuka wakamfunika shuka.

Kindi akaona lile shuka. Mkia ukacheza, pyu!

"Jamani!" alipiga kelele mpaka ngoma zikanyamaza. "Mbona tunakosa adabu? Baridi inavuma na wazee wetu wapya wako wazi! Mwenyekiti mgonjwa wa mgongo! Mwalimu mkuu na goti lake! Mnataka watufie hapa hapa? Blanketi!"

"Hapana, hapana," alisema Kiboko, "mimi sisikii bari..."

"Ameanza kuweweseka! Blanketi mbili! Tatu!"

Akina mama Swala wakaja mbio. Wakamfunika Kiboko blanketi la sufu, wakaongeza la pili, wakamviringisha shuka shingoni, wakamvika kofia ya kufuma. Nyati naye vivyo hivyo, pembe zikafungwa kitambaa.

"Na majiko ya mkaa! Mzee aotee moto! Wekeni karibu na mgongo!"

Majiko yakaja, mkaa mwekundu, chwi-chwi-chwi. Moja mbele, moja nyuma.

"Na uji wa moto! Wenye pilipili manga, ufungue kifua!"

"Sitaki u... gulp!"

"Kunywa, mzee wetu. Pole. Kunywa tena. Shikamoo."

Mvuke ulitoka kwenye blanketi za Kiboko kama chungu cha viazi. Nyati ndiye aliyeshindwa kwanza. Kaa la moto lilirukia kitako chake, akasimama wima: "BASI! Basi, wanangu! Basi jamani!" Akatimua mbio, mguu wa kushoto mzima, wa kulia mzima, kitambaa kikipepea pembeni.

Kiboko akang'ang'ana. Akafikiria mahindi. Akafikiria kunde. Kisungura chenye mafua kikaja, kikamimina kata yake, kikasema, "Shikamoo babu, nikuongezee mkaa?"

"BAAASI!" alinguruma Kiboko. "Basi! Basi! BASI, WANANGU!"

Akainuka na blanketi zake, akapita katikati ya umati, akashuka bondeni gidi-gidi-gidi, akajirusha bwawani. Chubwiii! Maji yakasema tssssss.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kindi hakucheka. Alikuwa anatazama ufunguo mgongoni kwa Bibi, maana alijua bado.

Kweli, punde Kiboko akarudi, amelowa, ana hasira.

"Mchezo umekwisha!" alisema. "Sijazeeka, wala mgongo hauniumi. Nipeni ufunguo wangu!"

"Njoo uuchukue, baba," alisema Bibi Nungunungu, akampa mgongo.

Kiboko akanyoosha mkono. Bibi akasimamisha miba yake saba, chaka! Umati haukuwa umeisikia sauti ile tangu masika yaliyopita.

"Uwiii!" Kiboko akanyonya kidole. Akawageukia wazazi. "Mwambieni anipe!"

Mzee Korongo ndiye aliyejibu. "Umesema mwenyewe mbele yetu kwamba umezeeka, ndugu yangu. Ufunguo atashika atakayechaguliwa. Wewe karibu huku kwetu, upumzike. Kikapu chako hiki hapa."

Kiboko akachungulia ndani ya kile kikapu kikubwa kama kibanda. Mahindi yalifunika kitako tu.

"Tutamsaidia kukibeba, ni mzee," kilisema kifaranga, na darasa la kwanza zima wakakidaka.

Siku ile Kichuguuni walikula mpaka jioni, kila darasa. Wazazi walichagua mshika ufunguo mpya, na mkimuuliza ni nani, alikuwa mama Swala mmoja asiyependa maneno. Kindi aliwabebea wazee vikapu hadi majumbani, na alipoujaza mtungi wa Bibi Nungunungu, aliketi juu ya kifuniko chake, akalala hapo hapo, mkia chini. Masika yakaja, mvua ikapiga siku arobaini. Kila jioni moshi ulitoka nyumbani kwa Bibi, na kabla mvua hazijakatika, mwiba wa nane ulikuwa umeota.

Nyati aliulizwa anataka nini, akasema anataka kuishi mbali na majiko. Lakini Kiboko, watoto hawakumwacha. Walimpenda. Kila asubuhi darasa la kwanza walishuka bwawani na blanketi na uji wa moto: "Mzee! Mzee wetu! Shikamoo!" Ndiyo maana mpaka leo Kiboko anashinda majini mchana kutwa, ametokeza macho na masikio tu, akichungulia kama wamekuja, na hathubutu kutoka kula majani mpaka watoto wote wamelala.

Hadithi imefika mwisho wake, na la kushika ni hili: anayetaka fungu la wazee, achukue na uzee wao.